Ukuta wa Barabarani

Mwanangu Skola,

Salamu sikupi, maana tumeamkiana asubuhi na tutaamkiana tena kesho kabla lori halijaja. Naandika saa hizi jua bado lipo kwa sababu taa ya chemli sijui hawa mafundi wameifukia wapi. Chumba chako kimekuwa lundo la udongo, na jikoni kwangu ndiyo usiseme. Nimekalia gunia la nguo zako huku nyuma kwenye migomba, na karatasi nimechana kwenye daftari lako la chuo, usinigombeze. Wewe umekwenda kuaga rafiki zako. Nashukuru umekwenda. Ungekuwa umekaa hapa mbele yangu nisingeweza.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji wala ya chandarua. Umesomea ualimu, hayo utawafundisha wenzako. Nina jambo moja tu, na lazima ulijue kabla hujashuka kwenye lori kule Mamba, maana ukishashuka watu watakuambia. Na wataeleza vizuri kweli, wamelishika siku nyingi. Mjomba wako Kalisto, kaka yangu wa tumbo moja, yuko hai, na shule waliyokupangia haiko mbali na kwake. Uliponijia unaruka na karatasi yako ya kupangiwa kazi, "Mama, wamenipeleka kwenu!" mimi nilikaa chini. Ulidhani ni furaha, ukanikumbatia. Miaka yote nimewaambia nyie watoto kwamba kwetu ni mbali. Mbali wapi? Watu wanakwenda Mamba kununua mchele na kurudi, na wengine kwa baiskeli.

Mchana ulipopita kuchukua kanga yako uliniuliza mbona simsemeshi baba yako. Nikakujibu ni vumbi limenikaba koo. Si vumbi, Skola. Ni habari ya ukuta, huu wa upande wa barabara walioangusha leo.

Unajua watu wanavyotucheka kwa nyumba hii. Kijiji kizima nyumba zimetazama barabara, yetu imeipa mgongo. Mtu akitoka Mpanda mjini kwenda Mpimbwe, upande wa Mamba, anapita mlango, mlango, mlango, halafu anakutana na ukuta mtupu, hauna hata tundu la kupitisha paka. Shuleni walikutania kwamba kwenu wageni mnawaingizia chooni. Ulirudi unalia, na baba yako akakuambia nyumba yetu ndiyo yenye adabu, hizo nyingine ni za umbea. Ukacheka, ikaisha. Lakini hukuwahi kuambiwa kwa nini.

Baba yako alikuwa na kwao. Babu yako alikuwa na mji wake kule bondeni, karibu na mto, una maghala mawili na shamba la mihogo lisilokauka. Zama zile za kuhamishiwa vijijini wakaambiwa wahame. Babu yako akasema baada ya mavuno. Hawakungoja mavuno. Mgambo walikuja wakavua nyasi za paa, mzee akiwa ndani amelala mgonjwa. Baba yako alitoka shamba akamkuta baba yake kitandani anatazama mawingu. Wakamleta huku barabarani kwa mkokoteni, na hakumaliza hata mwezi. Amri ikatoka kila mtu ajenge kwenye mstari, mlango utazame barabara. Baba yako akajenga kwenye mstari kama walivyotaka, mlango akauelekeza bondeni. Walipomuuliza akawajibu, "Mmesema nijenge barabarani, nimejenga. Uso ni wangu."

Nilicheka siku ile mpaka nikashika mbavu. Nilikuwa bado kijana, Gervas ndiye mtoto pekee, nikajisemea kweli nimeolewa na mwanamume. Nilimpenda baba yako kwa ajili ya ukuta ule. Hilo ulikumbuke unaposoma yanayofuata, usije ukadhani nilifungiwa humo ndani na mtu. Udongo wa kukandika ukuta ule niliukanyaga mimi kwa miguu yangu.

Basi wakawa wanakuja. Balozi wa nyumba kumi, mgambo, siku nyingine na katibu. Hawazunguki kuja uani, wanasimama hapohapo barabarani na kugonga ukuta kwa rungu: "Wewe! Geuza nyumba!" Baba yako akatufundisha kunyamaza. Mtu anayetujua anapita kwenye migomba na kubisha hodi uani. Anayegonga ukuta wa barabarani ni adui, hajibiwi. Ndiyo ikawa sheria ya nyumba, na hata walipochoka kutufuata sheria ilibaki. Nyie wenyewe mliifanya mchezo. Ukigongwa ukuta, hata na mtoto anayepita na fimbo yake, mnaganda, atakayecheka ameshindwa. Wewe ulikuwa hodari kuliko wote. Nilikuwa nakutazama umeganda na kijiko mdomoni, macho yamekutoka, na ndani yangu nasikia kitu kinapasuka. Wewe ukidhani mama naye anacheza.

Sasa sikiliza. Ulikuwa bado unanyonya, hujaota jino. Ilikuwa kiangazi, kule kwetu wameshavuna mpunga. Nilikuwa jikoni nimekupakata, maharage yapo motoni, na baba yako amekaa kwenye kizingiti anachonga mpini wa jembe. Tukasikia lori limesimama upande wa barabara. Enzi zile gari lilikuwa la serikali au la mpunga, na la mpunga halikuwa na sababu ya kusimama kwetu. Mara ukuta ukagongwa, kwa viganja na kwa gongo. Baba yako akaacha kuchonga. Akainama kutoka palepale kizingitini, akaniwekea kidole mdomoni. Si mdomoni kwake, mdomoni kwangu.

Wakagonga tena. Halafu sauti ikaita, "Yustinaa!"

Skola, mgambo hawakuwa wakiniita mimi. Walimwita baba yako, wakamtukana yeye. Na mgambo hawakuja na mwanamke hata siku moja. Ile ilikuwa sauti ya mwanamke, imechoka, na jina langu ililivuta mwishoni namna ambavyo mtu mmoja tu hapa duniani alilivuta. Nikanong'ona, "Baba Gervas, ni mama." Ndivyo ninavyokumbuka. Akasema, "Nyamaza. Wamejifunza ujanja." Wewe ukaanza kulia. Nikakutia ziwa mdomoni.

Waliita, wakagonga, wakaita. Mimi nimekaa. Halafu lori likawashwa, likaondoka. Baba yako akacheka, "Wamechoka wenyewe," akarudia mpini wake. Nilipozunguka kwenda kutazama nikakuta mpunga umemwagika chini ya ukuta, na kuku wameshaanza kuudonoa.

Siku chache baadaye nilikuwa natoka kisimani. Nikamwona Kalisto amesimama barabarani, hapo ukutani, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuzunguka uani. Alikuwa ananingoja.

"Mama tumemzika," akasema. Hata salamu hakunipa.

Nikashusha ndoo.

"Tumemzika mjini, makaburi ya hospitali. Gari la kumrudisha hatukupata." Alikuwa anatazama ukuta, hanitazami mimi. "Tulipita hapa. Alikuwa juu ya magunia ya mpunga. Alisema haingii hospitali bila wewe. Alisema, nishusheni nimchukue Yustina. Tukabisha."

Nikasema, "Nilikuwa shamba."

"Moshi ulikuwa unatoka jikoni."

"Niliacha maharage motoni."

Ndipo akanitazama. "Mtoto alilia," akasema. "Halafu akanyamaza."

Alingoja kidogo, labda alikuwa ananipa nafasi. Kaka yangu hakuwa mtu mbaya. Kisha akasema, "Mama ndiye aliyesema tuondoke. Alisema, mwacheni, huyo ameolewa." Akashika njia ya kwetu kwa miguu, na mimi nikajitwika ndoo yangu nikaja kupika. Matanga yake sikwenda. Nilimwambia baba yako sina nauli, akakubali haraka sana. Tangu hapo sijakanyaga Mamba.

Sasa labda unajiuliza, mama alimwambia nini baba? Nilimwambia! Usiku wa siku ile aliyokuja Kalisto nilimwambia, "Nilikuambia ni mama." Akajibu kwa upole kabisa, "Hukusema kitu, Yustina. Ungesema ningefungua." Nikamwambia tena baada ya mavuno mengine. "Hukusema kitu." Mwaka mwingine tena nikasema, safari hiyo kwa ugomvi, nikavunja sahani. Akaokota vipande. "Umechoka," akasema. "Ungesema, mimi nani nisimfungulie mkwe wangu?" Baba yako hapigi mke, hatukani, halewi. Kama angekuwa anapiga ningejua pa kuanzia. Yeye alikuwa ananirekebisha tu, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Na mimi nikaanza kujiuliza. Labda kweli sikusema. Labda niliwaza tu. Nikiwa nateka maji najiambia nilisema, nikiwa napalilia najiambia sikusema. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka ishirini, Skola, mbali na hizi kazi nyingine mlizoziona.

Hapo ndipo nilipokosea zaidi, kuliko hata siku yenyewe. Siku yenyewe ilikuwa hofu, na hofu ni ya kila mtu. Lakini baadaye, nilipokuwa sina hofu yoyote, nilimwachia mtu mwingine anitunzie kumbukumbu yangu mwenyewe, kwa sababu alikuwa anasema kwa sauti ya chini na mimi napiga kelele. Nikaona mwenye sauti ya chini ndiye mkweli. Wewe ukisikia mtu anakuambia kwa upole kwamba hukuona ulichokiona, usimjibu. Nenda kalime, nenda kafundishe, lakini kichwa chako usimpe.

Nilichotaka kwake ni neno moja: ulisema. Basi. Sikutaka aombe msamaha, wala kaniki ya matanga. Nilitaka aseme ulisema.

Nilipoona neno halipatikani nikaanza kuomba dirisha. Utacheka. Dirisha dogo tu upande wa barabara, la kutosha kichwa, nione anayegonga ni nani. Sitasahau jinsi nilivyokuwa naomba. Namvizia akiwa ameshiba. Namvizia mpunga ukiwa umetoka vizuri. Najilegeza sauti, eti, "Baba Gervas, moshi unatuumiza, tungepata hata katundu upande ule." Loo! Nikikumbuka nasikia aibu mpaka masikioni. Naye jibu lake lilikuwa moja: nyumba ikishaezekwa haitobolewi, kwao walisema ukiitoboa utamtoa mtu humo maiti. Siku moja nikamuuliza, mtu gani tena aliyebaki wa kutoka? Akaniambia nisikufuru.

Wewe ulipozidi kukua nikakupa wewe kazi ya kuomba, unakumbuka? Nilikutuma, "Mwambie baba chumba chako kina giza, huwezi kusoma." Akakununulia taa ya chemli. Alikupenda, anakupenda. Alikubeba kwa baiskeli mpaka mjini ulipougua surua, analia njiani mtu mzima. Sikuandikii haya ili umchukie, na ukimchukia nitajua ni mimi nimekufundisha. Kesho utapiga magoti akubariki, na upige vizuri.

Haya. Pasaka akaja kaka yako Gervas. Wewe ulikuwa chuoni. Unaiona barabara siku hizi, biashara imefunguliwa, malori ya mchele hayakatiki, wafugaji wanashuka na ng'ombe zao kwenda Kasansa na Mamba, kila mwenye mlango wa barabarani ameweka meza anauza sabuni. Wanakula, mimi nimesimama na bakuli la mlenda nataka kuwaongeza. Gervas akasema, "Mzee, ule ukuta wa barabarani tunaupoteza bure. Tuuangushe, tutoe fremu mbili za duka. Na huku nyuma tubomoe jikoni na chumba cha Skola, tupandishe vyumba vya kisasa."

Baba yako akatafuna. Akameza. Akasema, "Sawa."

Sawa, Skola! Mara moja! Gervas hakumvizia akiwa ameshiba, ndiyo kwanza alikuwa amekula matonge mawili. Nikauliza, "Na ile ya nyumba haitobolewi?"

"Hayo mambo ya zamani," akasema baba yako.

"Mama naye," Gervas akacheka, "unataka tukae na ushirikina mpaka lini?"

Eti mimi. Mimi ndiye mwenye ushirikina! Nikauliza jiko jipya litakuwa wapi, Gervas akanionyesha kwa kidole cha ugali, kule nyuma karibu na choo. Nikauliza litatazama wapi. Hakuelewa swali. Ule mlenda niliwamwagia kuku.

Nikanyamaza tangu Pasaka mpaka wiki hii. Walipoleta mafundi nikawapikia. Wakavua bati, wakang'oa misumari, fundi Maige akakaa kwenye kivuli anainyoosha mmoja mmoja kwenye jiwe ili itumike tena. Jana wakapiga jikoni kwangu. Tofali mbichi hazina ubishi, ukizipiga sururu zinarudi kuwa udongo. Masizi ya miaka yote yakaanguka na ukuta, nikawa naokota sufuria zangu. Sikusikia kitu. Nilitegemea ningelia, wapi. Chumba chako kilipoanguka hapo ndipo niliumia kidogo, maana ulikuwa umechora nyota kwa mkaa juu ya kitanda.

Leo ukabaki ukuta wa barabarani. Wewe ulikuwa umekwenda mashine kusaga unga wa safari. Nimeleta uji wa mafundi, nakuta Maige ameshika sururu, Gervas ameshika mtaimbo, baba yako amekaa kwenye kigoda anaelekeza. "Anzeni juu," anasema, "usije ukawaangukia." Na mimi, mwanangu, sijui nguvu nilipata wapi. Nikatua sufuria la uji, nikaenda nikasimama mbele ya ukuta, mgongo nimeuegemeza palepale ulipogongwa siku ile. Nikasema, "Msiuguse kwanza. Mzee ana neno la kusema."

Maige akashusha sururu. Vijana wa kuchanganya udongo wakaacha makoleo.

"Neno gani?" akasema baba yako.

"Unalijua."

"Mama, jua linakwenda," Gervas akasema. "Kama kuna mambo yenu si mtaongea jioni?"

"Gervas, nyamaza," nikamwambia. "Katika nyumba hii nimenyamaza mimi, sasa nyamaza na wewe." Nikamgeukia baba yako. "Mama yangu alisimamishiwa lori nyuma ya ukuta huu. Aliniita. Mimi nilikuambia nini?"

Barabarani huko nje kulikuwa na mtu anapita na ng'ombe, tunasikia kwato. Baba yako alitazama chini, akaokota kipande cha tofali, akakivunja kwa vidole.

"Nilidhani ni mgambo," akasema.

"Sijauliza ulidhani nini. Nimeuliza nilikuambia nini."

Nilimwona anatafuta ile sauti yake ya upole. Nimekaa naye sana, naijua inavyokuja, inaanzia kwenye kusafisha koo. Akasafisha koo. Nikangoja aniambie mbele ya mafundi kwamba sikusema kitu, nimechoka, nikae kivulini. Nilikuwa nimeshaamua kwamba akisema hivyo kesho napanda lori na wewe, na sufuria zangu, sirudi.

Akasema, "Ulisema ni mama."

Hivyohivyo. Tena akaendelea, hakuna aliyemuuliza: "Ulisema, Baba Gervas, ni mama. Nikakwambia wamejifunza ujanja."

Anayakumbuka yote, Skola! Neno kwa neno, kama ninavyoyakumbuka mimi! Kumbe siku zote alizokuwa akiniambia sikusema kitu alikuwa nayo kichwani, haijapotea hata herufi. Alikuwa ananiangalia nikihangaika nayo, anajua, anakula, analala.

Nilifurahi. Sitakudanganya, nilifurahi, nikasema moyoni, sina wazimu, nilisema. Furaha ile haikufika hata mahali pa kukaa. Maana hapohapo nikaelewa jambo jingine. Wakati nilipokuwa sijui kama nilisema, nilikuwa na pa kujificha. Labda sikutambua sauti. Labda niliwaza tu baadaye, kwa uchungu. Sasa ameniambia. Nilisema ni mama, basi nilijua ni mama. Na kama nilijua, nani alinishika? Kile kilikuwa kidole tu. Sikufungwa kamba. Mlango ulikuwa wazi, baba yako amekaa kwenye kizingiti, ningeweza hata kumruka. Ningeweza kupiga kelele. Miaka ishirini nilikuwa namdai neno, na neno lenyewe lilipokuja limenihukumu mimi.

Nikatoka ukutani. Baba yako akainuka, akamnyang'anya Maige sururu, akaanza kupiga mwenyewe. Gervas akamwambia, "Mzee, acha, ni kazi ya vijana," hakusikia. Akapiga, akapiga, tofali zinamdondokea miguuni, vumbi limemjaa mpaka ndevu. Watu wa barabarani wakasimama kutazama. Mwisho ukaanguka wote, na mwanga ukaingia ndani mpaka kwenye kitanda chetu, na nikaiona barabara nikiwa nimesimama ndani ya nyumba yangu kwa mara ya kwanza. Barabara yenyewe hii hii tu, vumbi na mavi ya ng'ombe. Kulikuwa na mama mmoja amejitwika kuni, ananishangaa.

Baba yako alikaa chini juu ya lundo. Viganja vimechubuka, kimoja kinatoka damu. Gervas akaja kwangu, "Mama, mpelekee mzee maji." Nikamwambia mtungi uko wapi anajua. Sikumpelekea. Najua ni roho mbaya. Labda kesho nitampelekea, labda siku nyingine, nitaona. Nimebaki naye, sipandi lori, wala usinihurumie kwa hilo. Nyumba hii niliikandika mimi, na jiko jipya litatazama barabara hata kama nitalitoboa kwa mwiko. Hilo sitaliomba tena kwa mtu.

Wewe unakwenda Mamba. Usiogope watu wa kwetu, ni watu wema, watakupa wali mpaka uchoke. Lakini mjomba wako Kalisto atakuja kukutazama. Atauliza umri wako, na akishapiga hesabu atajua kwamba wewe ndiye yule mtoto. Kisha atakuuliza kama kweli siku ile mama yako alikuwa shamba. Nakujua ulivyo na huruma, utataka kunitetea, utamwambia ni mambo ya baba, ni mambo ya serikali, mama alikuwa mdogo. Usinitetee, Skola. Mwambie alikuwemo ndani. Mwambie alijua ni mama yake, alimtaja, na akakaa.

Mimi mama yako,
Yustina